Kitabu cha Watoto Wachanga wa Uganda

Bibi mmoja wa hapa Mkunya, aliposikia ya kuwa binti wa jirani yake amekwenda Dar es Salaam kusoma katika Chuo Kikuu elimu ya watoto wadogo, aliuliza: "Miaka mitatu ajifunze kubeba mtoto? Mimi nimelea tisa, wala sijui herufi moja." Watu wakacheka. Sisi tulio walimu hatukucheka sana, maana swali lile ni la haki. Basi tukakitafuta kitabu kimoja ambacho wasomao elimu hiyo hawakosi kusikia habari zake, tukakisoma hata mwisho, ili tupate neno la kumjibu.

Kitabu hicho ni cha Bibi Mary Ainsworth, nacho kilipigwa chapa mwaka 1967 mjini Baltimore, Marekani. Kwa Kiingereza chaitwa Infancy in Uganda. Mwandishi alifika Kampala mwaka 1954 pamoja na mumewe, aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti iliyokuwa Makerere. Akaanza kuvizuru vijiji vya Buganda, nyumba 26, zenye watoto wachanga 28. Kila baada ya wiki mbili hivi alirudi, akakaa kama saa mbili, na Bibi Katie Kibuka akamfasiria maneno.

Jambo hili twalisifu kwanza. Hakuwaita akina mama waje mbele ya meza yake; aliwaendea kwao, akatazama nani ambebaye mtoto, naye mtoto amlilia nani. Tena alikuja na swali lake tayari, maana alikuwa amesikia ya kuwa Waganda huwaachisha watoto ziwa ghafula na kuwapeleka kwa bibi zao. Alipoona ya kuwa wengi hawafanyi hivyo tena, hakuwalazimisha watu kufuata karatasi zake, bali alibadili swali. Ni wageni wangapi waliokuja kutuuliza habari wakakubali kufanya hivyo?

Katika wale 28, asema, 16 walikuwa wametulia katika kushikamana na mama zao, 7 walishikamana kwa mashaka, na 5 walikuwa hawajashikamana bado. Akatafuta sababu. Akaona ya kuwa mama aliyeweza kumweleza habari za mtoto wake kwa urefu, hiki akipenda, kile akikiogopa, kwa kawaida mtoto wake ndiye aliyetulia. Hapo tulikifunga kitabu kidogo, tukamkumbuka yule bibi wa tisa, ambaye hata leo aweza kukuambia kila mmoja wao alivyokuwa akilia.

Walakini tuna neno juu ya kitabu hiki. Mwandishi hakukosa kuwataja bibi na ndugu wa mtoto, illa mizani yake ni ya mama, na wengine wasimama nyuma yake. Kwetu Makonde hesabu hiyo haitoshi. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na bibi mzaa mama si msaidizi tu. Tena juu ya uwanda huu maji ni ya shida tangu zamani. Kabla ya bomba mama alishuka genge, akajaza mtungi, akapanda tena, na siku ilikuwa imekwisha. Nani alikaa na mtoto? Dada yake wa miaka saba au minane, amemfunga mgongoni kwa kitambaa. Ukimwacha dada huyu nje ya hesabu, umeandika nusu ya malezi.

Na yaliyofuata yalizidi. Aliporudi Marekani, Bibi Ainsworth alitengeneza jaribio la chumbani: mtoto wa mwaka mmoja, mama yake na mgeni, mama hutoka kisha hurudi, na yote huisha kwa dakika ishirini hivi. Jaribio hilo ndilo lililoenea katika vyuo vya dunia, na vijiji vya Buganda vikasahauliwa. Twaona hasara. Wako waliotazama kwa upana zaidi, mathalani Robert LeVine na wenzake, ambao kitabu chao cha 1994 juu ya Wakisii wa Kenya chaonyesha ya kuwa malezi mema hayana sura moja. Wanafunzi wetu wasomeshwe vyote viwili.

Maana kazi inawangoja. Tangu sera ya elimu ya mwaka 2014, mwaka mmoja wa elimu ya awali ni wa lazima kabla ya darasa la kwanza, na mwalimu hupokea watoto wa miaka mitano wengi kwa mara moja. Kulea tisa, mmoja baada ya mmoja, si kazi ile ile. Sisi wenyewe tulikosa zamani katika shule moja. Mtoto alilia kila asubuhi; tukamkaripia, kisha tukamwita mama yake, naye akakaa naye siku mbili, kilio kisikome. Bibi yake ndiye aliyetuambia: "Mwiteni dada yake." Dada alikuwa darasa la nne. Tukamketisha karibu na mlango kwa wiki moja, na mtoto akanyamaza, akaanza kuchora. Bibi yule hakuulizwa tangu mwanzo, kwa kuwa hatukudhani ya kuwa ana la kutufundisha.

Binti wa jirani atakuja likizo. Tumekwisha mwambia yule bibi amngoje, naye amejibu ya kuwa atakuja na daftari lake au asije.