Kuarifu Siko Kuomba

Yafaa tupambanue maneno mawili: kuarifu na kuomba. Hadi mwaka 1997 sheria ya Kenya ya kulinda utulivu wa umma ilimtaka mwenye kuitisha mkutano wa hadhara apate kibali. Mwaka huo ikarekebishwa, ikamtaka awaarifu polisi tu, siku 3 hadi 14 kabla. Kisha Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kikathibitisha haki ya kuandamana kwa amani, bila silaha. Walakini wakubwa hawajaacha kusema kwamba maandamano fulani "hayakuruhusiwa". Hilo ni kosa la lugha kabla ya kuwa kosa la sheria. Aombaye hungoja kukubaliwa, aarifuye hangoji. Agezaye taarifa kuwa ombi humnyang'anya raia haki yake, pasipo kufuta hata herufi moja ya Katiba.