Ufundi wa Msomaji Anayejibu

Nikipata jarida la uhakiki wa vitabu, huanza na barua za wasomaji. Mhakiki angalau hupewa nakala ya kitabu. Mwandishi wa barua hapati kitu. Kanunua jarida kwa fedha yake, kasoma uhakiki, hakuridhika, akarudi kitabuni kabla ya kushika kalamu. Kule kurudi kitabuni ndiko kunakomtenga fundi na mlalamikaji, na ndiko ninakotaka kukusifu.

Ufundi huu si mgeni kwetu. Tangu mwaka 1923 wasomaji wa gazeti la Mambo Leo walikuwa wakijibizana, hata kwa mashairi. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, Kampala, Rajat Neogy alianzisha jarida la Transition mwaka 1961. Halikuwa jarida la uhakiki peke yake, lakini barua zake zilisomwa kwa hamu ileile ya makala. Obi Wali alipodai humo mwaka 1963 kwamba fasihi ya Afrika inayoandikwa kwa lugha za Ulaya haina pa kufika, waliomjibu ni pamoja na Ezekiel Mphahlele na Wole Soyinka.

Kazi yenyewe hufanyikaje? Tukitazame kitabu kimoja cha hapa ziwani. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa kikiwa na tarehe ya 1980. Kitereza akafariki 1981, nakala hazijamfikia. Lakini tayari mwaka 1972 Gerald na Charlotte Hartwig walikuwa wameandika juu yake katika jarida la Research in African Literatures. Mswada ulipata wa kuujadili kabla haujapata wa kuununua.

Sasa tuseme mhakiki wa leo ameandika kwamba kitabu ni kizuri ila desturi zimejazana mno, zinachelewesha kisa. Msomaji wa Nansio anaweza kuwaka: huyu hajafika Ukerewe, anajua nini? Barua hiyo ingemridhisha aliyeiandika tu. Fundi huishika sentensi moja, ile ya kuchelewesha, akaipeleka kitabuni.

Bugonoka amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ya masimango ya ndugu za mumewe, kwa kuwa hajazaa. Myombekere akitaka mkewe arudi, wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Mtu wa ziwani anajua pombe hiyo haikimbizwi. Ndizi huvundikwa mpaka ziive, zikakamuliwa kwa nyasi, maji yake yakachanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha watu wakangoja ichachuke. Pombe ikiharibika, mtu anaanza upya. Kwa hiyo, msomaji wetu anaandika, kuchelewa huku ndiko adhabu ya Myombekere. Mwandishi angeyapita hayo kwa sentensi mbili, tusingejua mume huyu amekaa muda gani katika nyumba isiyo na mke, wala tusingeuona uzito wa siku anayokwenda ukweni.

Kisha anaongeza jambo ambalo wengi hulisahau: anakiri kwamba ziko sura nyingine ambazo kweli zinazurura, na mhakiki hakukosea kuchoka huko. Kukiri huko kunaipa barua nguvu. Aliyetetea kila ukurasa hajatetea hata mmoja.

Hoja yake kuu ameiweka mwanzoni, maana anajua nafasi ikibana mhariri hukata mkia. Hakumtukana mhakiki. Chini ameandika jina na mahali: Nansio, Ukerewe. Mahali hapo panatueleza macho yake yameona nini, ingawa kuzaliwa kisiwani si hoja. Hoja iko kwenye zile ndizi.

Kisiwa hichohicho kilimtoa mwandishi Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944. Riwaya yake Rosa Mistika ilipotoka mwaka 1971 ilizua kelele za maadili, ikazuiwa shuleni kwa muda. Ni rahisi sana kuijadili riwaya hiyo bila kuifungua, kwa kuuliza tu kama Rosa ni msichana mwema au mbaya. Msomaji fundi angeanzia pale Zakaria anapompiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, akauliza hofu ya kipigo hicho ilimfundisha Rosa nini juu ya wanaume kabla hajaondoka nyumbani. Swali moja kama hilo linatosha barua nzima.

Kule Malimbe, Mwanza, kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichoanza mwaka 1960 kama kituo cha mafunzo ya jamii, na waandishi wa habari husomea hapo. Ningependa wapewe zoezi hili: mjibu mhakiki kwa maneno mia mbili, na kila dai liwe na ukurasa wake. Wengi watagundua kuwa saa nyingi zimekwenda katika kusoma, na kuandika kumechukua jioni moja tu.

Faida yake haiishii kwa mwenye barua. Mhakiki akijua kwamba Nansio kuna mtu atakayekifungua kitabu kumhakiki yeye, sentensi yake ijayo ataipima mara mbili. Uhakiki ukiwa bora toleo linalofuata, sifa atapewa mhakiki, na sehemu yake ni ya yule wa Nansio.