Kidole Gumba cha Mvuvi

Ukitaka kujua kama mtu anaiweza kazi ya kuvua besi, mtazame kidole gumba cha mkono anaorushia. Rafiki yangu, aliyekulia Uvira akivua samaki aina ya migebuka katika Ziwa Tanganyika na sasa anaishi Louisville, jimbo la Kentucky, ana gumba ambalo naweza kulitazama kutwa nisichoke. Mwezi wa Aprili tulikwenda pamoja Ziwa la Taylorsville, mvua ikinyesha tangu alfajiri, na sehemu kubwa ya siku hiyo niliiweka fimbo yangu chini nikamtazama yeye.

Besi ninayemsema ni yule wa mdomo mpana, samaki wa maji matamu, kijani mgongoni na mstari mweusi ubavuni, taya lake likipita nyuma ya jicho hata akiwa amefunga kinywa. Asili yake ni Amerika Kaskazini, ingawa msomaji wa Kenya huenda anamjua: alipelekwa Ziwa Naivasha miaka ya 1920, na baadaye, mwaka 1970, akafuatwa huko na kamba wa Louisiana, ambaye kwake ni chakula kikubwa. Besi hana tabia ya migebuka ya kuzurura katikati ya ziwa kwa makundi. Hujibanza kwenye kivuli cha kisiki, akangoja, kisha akafumbua kinywa ghafla, maji na windo vikaingia pamoja. Kwa hiyo anayemvua hana budi kukifikisha chambo mlangoni kwake. Kikianguka mita moja pembeni, mara nyingi ni kazi bure.

Hapo ndipo inapoingia rili, yaani kifaa cha kukunjia mshipi. Ya rafiki yangu hukaa juu ya fimbo, bobini yake imelala kukingama, nayo huzunguka kadiri mshipi unavyotoka. Chambo kikirushwa huanza kwa kasi, kisha hewa inakipunguza mwendo. Lakini bobini haipungui pamoja nacho, inaendelea kumwaga mshipi usio na pa kwenda. Kufumba na kufumbua umesokotana kiasi cha kukaa chini kuufumua. Kinachozuia balaa hilo ni kidole gumba, kinachoigusa bobini ikiwa mbioni: kidogo mwanzoni, zaidi katikati, kisha kuikamata kabisa chambo kinapokaribia maji. Rili nyingi za siku hizi zina breki za sumaku, na rafiki yangu anazo kwenye yake, ila amezilegeza. Anasema breki haijui kisiki kiko wapi.

Chombo hiki kina historia papa hapa Kentucky. Mwanzoni mwa karne ya 19, George Snyder, fundi saa na sonara wa mji mdogo wa Paris katika jimbo hili, alitengeneza rili yenye gia, hivi kwamba mpini ukizungushwa mara moja, bobini inazunguka mara kadhaa. Ndugu wawili wa ukoo wa Meek, nao mafundi saa, wakaiendeleza kazi hiyo mjini Frankfort, na mwanafunzi wao Benjamin Milam akairithi. Skrubu za rili zao zilipigwa namba, kila moja na tundu lake, kwa kuwa kila skrubu ililinganishwa kwa mkono na mahali pake. Watu hao walizoea kupima mwendo wa saa, na ustadi huohuo wakaupeleka mtoni kwa ajili ya besi. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Mvua ilipozidi nilimwuliza kama tusogee chini ya miti tungoje ipite. “Tungoje nini, ndugu yangu? Samaki naye alikuwa anaingoja hii hii.” Ingekuwa na radi tungeondoka bila ubishi, maana fimbo ya kaboni si kitu cha kusimamisha ziwani radi inapopiga. Lakini ilikuwa mvua ya taratibu, yenye uvuguvugu, na ya namna hiyo ni baraka. Wingu huondoa mwanga mkali na matone huuvunja uso wa maji, kwa hiyo besi hutoka mafichoni bila hofu. Vijito navyo huleta minyoo na tope. Katika tope jicho lake halifiki mbali, basi hutegemea mstari wa hisia ulio ubavuni mwake, unaopokea mtikisiko wa kila kinachopita.

Taylorsville ni ziwa la kutengenezwa, lililotokana na kuzuiwa kwa Mto Salt miaka ya 1980, na miti iliyozama bado imesimama majini. Rafiki yangu alichagua jigi, yaani kichwa kidogo cha risasi chenye ndoano na ushungi wa nyuzi za mpira, akakirusha chini chini, kikapita kati ya mashina mawili na kuingia majini karibu bila sauti. Kisha akatulia. Aliinua ncha ya fimbo kidogo, akaishusha, mshipi ukipita juu ya kidole chake cha shahada naye amekiegemeza pale kama mganga anayepima mapigo ya damu. Bila kunitazama akawa ananisomea sakafu ya ziwa: hapa changarawe, hapa matope, hapa tawi. Nilipoushika mshipi mimi nilisikia uzito tu.

Besi wa majira ya machipuko mara nyingi hagongi kwa nguvu. Risasi inaacha tu kuwa nzito. Rafiki yangu alipousikia wepesi huo alikaza mara moja, kwa kiganja badala ya bega, na fimbo ikapinda hadi katikati. Alimtoa dume mwenye mkia uliochubuka ukingoni. Aliulowesha mkono, akamshika taya la chini, akaitoa ndoano na kumrudisha palepale kisikini, bila hata kuomba tupige picha.

Mkia ule huchubuka kwa kufagia changarawe. Maji yakifika kama nyuzi 16 hivi za Selsiasi, dume hujichimbia kiota karibu na ufuko; jike hutaga na kwenda zake, dume akabaki kuyalinda mayai, na hata vifaranga vikishaanguliwa hukaa navyo kwa muda. Akiondolewa, samaki wadogo wanaozengea jirani huvamia na kuyala mayai yote. Basi msomaji, ukijaliwa kuvua huku wakati wa machipuko, nawe ukapata besi mwenye mkia wa namna hiyo, usimtie kwenye ndoo na usimbebe kwenda naye upande wa pili wa ziwa. Mrudishe hapo hapo ulipomtoa, haraka, na mkono uwe umelowa.