Chapa Tatu, Mnyororo Mmoja

Baiskeli inayotoka upande wa Kailo na kuvushwa mto Lualaba kwenda soko la Kindu, jimbo la Maniema nchini Kongo, ikiwa imelemewa na bidoni za mawese au gunia la mpunga, mara nyingi haina chapa moja ya kujivunia. Fremu huenda ni Phoenix ya Shanghai, krenki ni Hero ya Ludhiana, na ekseli ya katikati imetolewa kwenye Raleigh iliyokwisha kuchoka. Anayeitazama kwa haraka huona umaskini. Mimi naona kazi ya akili, na nataka kuitetea kwa hoja, kwa sababu sifa inayotolewa kwa huruma haimfai fundi. Ninachodai ni kwamba vyombo vinavyosukuma baiskeli, yaani mnyororo, meno ya mbele, friwili, krenki na ekseli, huoana kwa kipimo na kwa umri. Kiwanda kilikotoka chombo huja nyuma ya hayo mawili, na fundi anayeyajua vizuri anaweza kuchanganya chapa bila kumdanganya mteja wake.

Kuchanganya kulianza kwa sababu ya jiografia. Bidhaa huingia Kindu kwa reli ya kusini inayopita Kongolo na Kabalo kuelekea Lubumbashi. Au kwa mto kutoka Ubundu, ambako reli ya kilomita 125 huunganisha na Kisangani. Au kwa ndege kutoka Goma na Bukavu. Kila njia ina wafanyabiashara wake, na kila mfanyabiashara ana chapa anayoipata kwa bei nafuu. Vita vya 1998 hadi 2003 vilipokata reli na kuziacha barabara zimezwe na msitu, baiskeli ndiyo iliyobeba biashara ya Maniema: chumvi na sabuni zikiingia vijijini, mpunga, mihogo na mawese yakitoka. Katika hali hiyo, aliyeng'ang'ania kungoja krenki ya chapa ileile ya fremu yake alikuwa anangoja njaa. Lakini shida inaeleza tu kwa nini watu walijaribu. Haielezi kwa nini walifanikiwa, na hapo ndipo hadithi yenyewe ilipo.

Walifanikiwa kwa sababu ya urithi wa vipimo. Hans Renold alibuni mnyororo wa vigogo vinavyozunguka huko Manchester mwaka 1880, na baada ya miaka ya majaribio watengenezaji wa baiskeli walitulia kwenye hatua ya nusu inchi kutoka pini hadi pini. Mnyororo wa baiskeli isiyo na gia ukapewa upana wa ndani wa sehemu moja ya nane ya inchi. Gololi za ekseli ya katikati na za gurudumu la nyuma zikawa za robo inchi. Za gurudumu la mbele, sehemu tatu za kumi na sita. Viwanda vya Birmingham, Coventry na Nottingham viliuza baiskeli za namna hiyo katika nusu ya dunia, kisha India na Uchina zilipoanza kuunda za kwao zikaiga zile zilizokuwa tayari barabarani. Wahandisi wa Shanghai na wa Ludhiana hawakuketi pamoja kukubaliana chochote. Walikubaliana kwa kuiga mzazi mmoja, ndiyo maana hata leo, katika nchi zinazopima kila kitu kwa milimita, mnyororo wa mmoja hukaa sawasawa kwenye meno ya mwingine.

Kama urithi huo ungekuwa mkamilifu, ufundi usingehitajika. Mtoto yeyote mwenye spana angetosha. Kumbe una mapengo, na mabaya zaidi ni yale yasiyoonekana kwa macho. Fremu za Raleigh za Nottingham zilikatwa hesi 26 kwa kila inchi mahali pa kuingilia vikombe vya ekseli, wakati watengenezaji wengine wa Uingereza walikata 24. Kipenyo ni kilekile, kwa hiyo kikombe kigeni huingia mizunguko miwili kwa upole kisha hukwama, na asiyejua huongeza nguvu mpaka anaharibu fremu ambayo ingeishi miaka mingine arobaini. Friwili ya kipimo cha Kifaransa ina kipenyo cha milimita 34.7 na ya Kiingereza inchi 1.37, tofauti yake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ya Kiingereza huingia kwenye habu ya Kifaransa kana kwamba ni yake, lakini hesi zimeshikana nusunusu tu, na mlima wa kwanza wenye mzigo huzing'oa. Pini za kota zinazofunga krenki kwenye ekseli nazo zina milimita 9.5 kwa baadhi ya watengenezaji na 9 kwa wengine. Pini nyembamba kwenye tundu pana hulegea, hugonga, kisha hutafuna ekseli.

Kazi ya pini ya kota ndiyo inayonionyesha fundi kwa ukamilifu wake. Pini ina ubavu mmoja ulionyooshwa kwa mteremko, na mteremko huo ndio unaoamua krenki itakaa pembe gani juu ya ekseli. Pini mbili za viwanda viwili zikiwa na miteremko tofauti, krenki hazitakabiliana barabara. Mguu mmoja utatangulia kidogo, na goti la mwendeshaji litalipa gharama hiyo siku nzima. Fundi mzuri huichukua tupa, akapunguza ubavu kidogo kidogo, akapachika, akatazama krenki zote mbili kwa mstari, akachomoa, akapunguza tena. Akizidisha, pini imekwisha. Hakuna kiwanda kitakachomfanyia kazi hiyo, kwa kuwa hakuna kiwanda kilichowahi kujua kwamba krenki hii itakutana na ekseli ile.

Baada ya kipimo unakuja umri, na hapa mafundi wazuri huachana na wa kawaida. Mnyororo hauvutiki kama mpira. Unarefuka kwa sababu pini zake na matundu yake vinalika. Mnyororo mpya una inchi 12 kamili katika hatua 24. Ukipimwa ukakutwa umezidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, umeanza kuyachonga meno upya kwa sura ya uzee wake. Ukipachika mnyororo mpya kutoka dukani kwenye friwili iliyochongwa hivyo, utaruka kila unapokanyaga kwa nguvu, hata kama vyote viwili vina nembo moja. Kinyume chake, mnyororo uliotumika wa Hero na friwili iliyotumika ya Phoenix, vikiwa vimechakaa kwa kiasi kinacholingana, vinaweza kufanya kazi pamoja kwa kimya mpaka vitupwe pamoja. Nembo haina la kusema juu ya jambo hili. Ni sawa na kuwafungia jembe maksai wawili: mkulima huangalia umri na nguvu zao, wala haulizi wamezaliwa zizi gani.

Nadharia hii ina mtihani wake mkali, nao ni baiskeli ya watu wawili, ile ambayo mmoja hukaa mbele na kushika usukani, mwingine hukaa nyuma na kukanyaga pamoja naye. Afrika Mashariki inaijua pia kupitia waendeshaji wasioona: Douglas Sidialo wa Kenya, aliyepoteza macho katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, aliendesha baiskeli ya namna hiyo kutoka Cairo hadi Cape Town. Kwa kawaida ina minyororo miwili. Wa kushoto huunganisha krenki za mbele na za nyuma, na hubeba nguvu ya mtu wa mbele tu. Wa kulia hubeba nguvu za wote wawili kwenda gurudumu la nyuma. Meno ya mnyororo wa kushoto lazima yalingane kwa idadi mbele na nyuma. Weka 40 mbele na 39 nyuma, na baada ya mizunguko kama 20 mguu wa mmoja uko juu wakati wa mwenzake uko chini. Tena huwezi kuhamishia kushoto krenki ya kawaida yenye meno, kwa maana tundu lake la pedali limekatwa hesi za kulia, na upande wa kushoto pedali hiyo itajifungua yenyewe njiani.

Fundi aliye mbali na duka la krenki maalumu hana budi kufikiri, na jibu lipo: minyororo yote miwili huwekwa upande wa kulia. Krenki za kawaida za baiskeli mbili zinatosha, ya nyuma ikifungwa meno ya ziada ili ipokee mnyororo wa kwanza na kuendesha wa pili. Kinachobaki ni kuukaza mnyororo wa mbele, kwa sababu ekseli mbili zilizofungwa kwenye fremu hazisogei. Hapo hutumika gurudumu dogo la kukazia, au kipande cha nusu hatua. Mpangilio huu unatambulika na waundaji wa baiskeli za watu wawili duniani kote, na uzuri wake kwa eneo kama Kailo ni kwamba haudai krenki yoyote isiyopatikana kwenye baiskeli za mizigo.

Najua litakalosemwa. Kiwanda, wataniambia, kimevipima vyombo vyake pamoja, na seti kamili ni salama kuliko mkusanyiko. Katika baiskeli za gia nyingi hoja hiyo ina uzito. Tangu Shimano ilipoleta gia za kubofya mwaka 1984, kila mtengenezaji amejiwekea vipimo vyake: katika friwili za gia nane, Shimano huacha milimita 4.8 kutoka gia moja hadi nyingine, Campagnolo iliacha milimita 5. Hitilafu ya milimita 0.2 ikijikusanya mara saba huwa milimita 1.4, na mnyororo hautajua ukae wapi. Lakini tazama waendeshaji wa baiskeli za watu wawili wenyewe, hata katika nchi tajiri. Kwa miaka mingi wamechanganya: habu za Phil Wood wa California, breki ya ngoma ya Arai wa Japani, na vyombo vya gia vya kampuni nyingine kabisa, kwa sababu hakuna kampuni moja iliyowapa kila walichohitaji. Wenye fedha ya kununua seti nzima wamechagua kuchanganya. Basi kuchanganya hakuwezi kuwa alama ya ufukara peke yake.

Zaidi ya hayo, seti ya kiwanda ilipimwa kwa kazi gani? Baiskeli ya Kiingereza yenye meno 48 mbele na 18 nyuma husonga karibu mita 6 kwa kila mzunguko wa pedali. Inamfaa karani anayekwenda ofisini kwenye barabara tambarare. Badili iwe 44 na 22, itasonga kama mita 4 na nusu, na mwenye gunia nyuma ataweza kupanda ng'ambo ya kijito bila kushuka. Fundi anayefunga friwili ya meno 22 kutoka chapa nyingine hajaharibu mpango wa kiwanda. Amesahihisha mpango uliotungiwa nchi nyingine.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la usalama. Kuna mahali ambapo kukosea kunamrudisha mtu nyumbani na mguu uliovunjika, na fundi mwaminifu hukataa kazi hapo: hesi za uma wa mbele zisizolingana, breki za baiskeli nyepesi kwenye baiskeli inayobeba watu wawili, ekseli iliyolainishwa kwa moto ili itobolewe. Kukataa nako ni sehemu ya ufundi. Lakini kuamini nembo hakukingi mtu na hatari hiyo, kwa kuwa kinachoghushiwa kwa urahisi kuliko vyote ni nembo. Tupa ni shahidi bora: ikipitishwa kwenye jino la chuma kigumu huteleza, kwenye chuma laini hula. Fundi anayejaribu hivyo kabla ya kununua anajua zaidi ya kile kilichochapishwa kwenye boksi.

Wapo wanaosema pikipiki zimekwisha kuyamaliza mabishano haya. Zimechukua abiria wengi, ni kweli. Lakini pikipiki hula petroli, na petroli huja Kindu kwa safari ileile ndefu inayofanya kila kitu kiwe ghali. Mvua zikiharibu barabara na bei ikapanda, mkulima wa Kailo hurudia baiskeli.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wawili. Mfanyabiashara wa Kindu anayeuza pini za kota, vikombe na friwili atenganishe za milimita 9 na 9.5, za hesi 24 na 26, na aandike kipimo kwa kalamu nene juu ya kila boksi, hata kama kiwanda hakikuandika. Na walimu wa shule za ufundi za Maniema waweke baiskeli ya mizigo mezani mbele ya wanafunzi, pamoja na kipimo cha hesi, rula ya inchi na tupa, wamwalike na fundi wa sokoni aje kufundisha, na wamlipe kama mwalimu.