Hukumu ya Wageni

Mwandishi akitaka kutuonyesha kiumbe wa sayari nyingine, mara nyingi huanzia mwilini: macho sita, ngozi ya kijani, sauti ya kukwaruza. Kurasa kumi mbele tumeshamzoea, maana ndani ya ngozi ile anawaza kama jirani yetu. Kristine Kathryn Rusch, Mmarekani mwandishi wa mfululizo wa Retrieval Artist, yeye huanzia kwenye sheria.

Katika The Disappeared, riwaya ya mwaka 2002, wanadamu wamefunga mikataba ya biashara na jamii za nje, na anayezikosea huhukumiwa kwa sheria zao. Disty, mojawapo ya jamii hizo, hulipa kisasi kwa kuua, na polisi wakiziona maiti tu hutambua kazi ya nani. Wygnin, jamii nyingine, huchukua mtoto kwa kosa la mzazi. Hawamtesi, wanamlea awe mmoja wao. Zimwi mla watu lisingenitisha kama huyu mlezi mtulivu mwenye hati halali mkononi. (Rev, jamii ya tatu, kwa maoni yangu ndio waliopwaya: majitu yenye hasira tumeshayasoma kwingine.)

Utamu uko kwenye upelelezi wenyewe. Kwa kawaida muuaji akishajulikana, hadithi imekwisha. Miles Flint, mpelelezi wa mji wa Armstrong huko Mwezini, anawajua waliowachukua watoto, na mikataba iko upande wao. Kilichobaki ni kukagua hati neno kwa neno akitafuta upenyo, na msomaji hujifunza mila za Wygnin akiwa na haraka ileile ya Flint, bila kuhutubiwa. Flint naye alishamzika binti yake mchanga, kwa hiyo hawezi kuisoma hati ile kama karatasi tu.

Buried Deep, ya 2005, inafika Mirihi, ambako mifupa ya binadamu inafukuliwa katika mji wanamokaa Disty. Kwa polisi ule ni ushahidi. Kwa Disty maiti ni najisi, na unajisi huambukiza, basi hofu inawakimbiza makundi kwa makundi. Fumbo la mauaji ya zamani linageuka balaa la mji mzima kwa sababu ya mwiko mmoja tu, na Rusch anaufuata hadi mwisho wake bila kuulegeza ili kumwokoa mtu.

Flint mwenyewe anaacha upolisi na kuwa mtafutaji wa waliotoweka wakikimbia hukumu za jamii hizo. Kila anapompata mmoja, huenda amewaonyesha njia wanaomwinda.