Mbugu Chini ya Kioo

Wasimamizi wa jumba dogo la makumbusho katika mji mmoja wa Buganda walifanya jambo jema walipofungua milango bila kiingilio, Jumamosi na Jumapili, ili wenyeji wautazame urithi wao. Sisi walimu tuliokwenda na wanafunzi tulipokewa kwa heshima. Ngoma zilipigwa, wazee walisimulia, na mahindi ya kuchoma yaliliwa kupita kiasi. Hayo hatuna neno nayo.

Neno tunalo kuhusu kadi moja. Katika chumba cha kwanza, chini ya kioo, kilitandazwa kipande cha mbugu, na kando yake kadi yenye maandishi ya Kiswahili: "Vazi la kale la Waganda kabla ya kuja nguo."

La kale! Nyuma ya jumba hilohilo, hatua thelathini hivi kutoka kwenye kioo, mzee mmoja alikuwa bandani akiponda gome bichi la mutuba kwa nyundo za mti zilizochongwa mistari, kwanza ile yenye mistari mipana, kisha yenye mistari myembamba, na gome likazidi kupanuka mbele ya macho yetu. Kazi hufanyika kivulini ili gome lisikauke upesi. Jua huja baadaye, nalo ndilo linaloipa mbugu rangi yake ya udongo mwekundu. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Babu, mti haufi?" Mzee alijibu kwa Kiganda, na mama aliyekuwa karibu akatufasiria: shina lililochunwa hufungwa kwa majani ya mgomba hata lipone, na mti mmoja huchunwa tena na tena kwa miaka mingi. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa wanadamu, na mwaka 2008 ukaingia katika orodha yake. Mbugu huvaliwa hata leo katika kutawazwa kwa wafalme, na hutumika mazikoni. Basi kadi ilimzika mzee angali akifanya kazi.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo linatugusa sisi wenyewe. "Kabla ya kuja nguo": kana kwamba mbugu si nguo, na kana kwamba pamba ilikuja kwa miguu yake. Ililetwa. Wafanyabiashara wa pwani walikwisha kufika katika baraza la Kabaka Suna wa Pili katika miaka ya 1840, wakichukua nguo za pamba, shanga na bunduki, wakitaka pembe za ndovu na watumwa. Tangu hapo utengenezaji wa mbugu ukaanza kupungua. Kiswahili kilipita njia ileile, pamoja na mizigo ileile. Kadi iliyoandikwa kwa Kiswahili ikalinyamazia jambo hilo, na kunyamaza kwake kunatupendeza sisi kuliko kunavyowafaa wanafunzi wetu. Mwalimu anayetaka lugha hii ipokewe Uganda kwa moyo mweupe hana haja ya kuificha safari yake.

Hatusemi kwamba wasimamizi walikusudia udanganyifu. Yaelekea kadi iliandikwa kwa haraka usiku wa kuamkia Jumamosi, kama sisi tunavyoandika maswali ya mtihani. Lakini meza ya mzee na kabati la kioo vilikuwa chini ya usimamizi mmoja, na hakuna aliyefikiri kuviweka pamoja.

Jumapili tuliwapa wanafunzi kazi ya kuandika kadi mpya. Wengi waliandika vizuri, wakaeleza mti, nyundo na misafara. Ubishi ulizuka juu ya jina. Kundi moja lilitaka "lubugo", kama wasemavyo wenyeji; jingine lilitaka "mbugu", likijitetea kwamba hata Speke, aliyefika Buganda mwaka 1862, aliliandika hivyo katika kitabu chake. Msichana mmoja akasema Speke hakuwa Mganda wala Mswahili, basi anatoa ushahidi gani? Gari lilipofika walikuwa bado hawajapatana.