Kikapu Kisichorudi

Pasaka ikikaribia, maduka makubwa ya Dar es Salaam hupanga vikapu vya zawadi karibu na mlango. Vimefungwa kwa nailoni inayong'aa na utepe wa dhahabu, na ndani mna biskuti, mayai ya chokoleti na sungura wa chokoleti atakayeanza kulainika kabla hujafika Mbagala. Sina ugomvi na chokoleti. Kinachonikera ni chombo chenyewe: plastiki iliyomiminwa kiwandani ikajifanya imesukwa, ina hadi mistari ya chane ambazo hakuna mkono uliozichana. Na kwa bei yake unapata kuku wa kienyeji na mchele wa kumlia.

Bibi yangu wa Masasi kikapu cha Pasaka kilimgharimu kwenda porini tu. Miyaa ilikuwa haiuzwi. Aliikata Kwaresima ikianza, ikiwa bado michanga, akaianika kwa kuvizia vipande vya jua katikati ya mvua mpaka ikapauka. Kazi niliyopenda kuitazama ilikuwa kuchana. Alitumbukiza ukucha wa kidole gumba kwenye jani, akavuta, zikatoka chane za upana mmoja bila rula wala kisu. Akazilowesha kidogo, maana chane kavu hukatika na iliyolowa mno hulegea ikishakauka. Kisha ukili, ule utepe mrefu wa kushonea kikapu. Vidole vilipanda na kushuka huku macho yakiwa kwa anayezungumza naye. Chane ikiisha, nyingine ilipenyezwa chini yake bila fundo. Alisuka akisubiri maharage yaive, alisuka akiamua kesi za wajukuu, nao ukili ukazidi kujiviringisha miguuni pake kama chatu aliyeshiba.

Siku ya kushona alitoa shazia, ile sindano kubwa. Alianzia katikati ya kitako, ukili ukizunguka duara baada ya duara, ukingo ukishikana na ukingo hata usijue uzi umepita wapi. Kitako kikikamilika alikivuta kwa mikono miwili, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Akiona tundu alifumua, hata kama kesho yake ni Ijumaa Kuu.

Ndani hakikutiwa cha kununua. Mayai ya kuchemsha ya kuku wetu, karanga, korosho alizozibania tangu msimu, pengine gauni la mtoto lililoshonwa kwa khanga iliyochakaa pembeni tu. Juu kitambaa safi. Kilipelekwa kwa shoga yake ng'ambo ya bonde, na hapo ndipo ulipokuwa utamu wa jambo lenyewe, kwa sababu kikapu cha watu hakirudishwi kitupu. Baada ya wiki mbili tatu kilirudi na mbegu za kunde, au mche wa sabuni, au chumvi. Pasaka ya pili kikaenda tena, kikiwa kimekolea rangi ya moshi wa jikoni. Hiki cha nailoni kikishafunguliwa kinaishia jalalani. Nani amewahi kukirudisha kwa mwenyewe na mbegu ndani?

Masasi, ambako wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika mwaka 1876, kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Makanisa ya Uingereza na Marekani hununua misalaba midogo ya Jumapili ya Matawi iliyosukwa kwa miyaa ya huko. Mzee wa Kiingereza anaubeba hadi nyumbani, anaupachika ukutani, mwaka mzima uko hapo. Wajukuu wa msukaji tuko mjini, tumepanga foleni ya kulipia plastiki.

Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, nilidhani kikapu kingerudi sokoni kwa kishindo. Ikaja mifuko mbadala, ile inayochanika mkono kabla ya nyanya kufika nyumbani. Tukaizoea ndani ya mwezi. Miyaa haikuulizwa.

Mwaka huu nilitaka kikapu cha kumpelekea mkwe wangu, nikawauliza wanawake wa kanisani kwetu ni nani anayeshona. Mmoja akasema marehemu mama yake alijua. Mwingine akashangaa kwa nini nihangaike na dukani vipo. Wa tatu akanielekeza Mwenge, kwa wauza vinyago, na kweli nilikikuta: ukili umenyooka, kitako hakina tundu, bibi asingekifumua. Kilikuwa kimetiwa mikono ya ngozi na bitana yenye zipu. Muuzaji alinitajia bei kwa dola. Aliponisikia Kiswahili changu akaikata nusu, na hiyo nusu bado ilikishinda kile cha nailoni mara mbili.